Ngazi ya Nyuma

Habari ya kifo cha Mama Plamedi ilinikuta Pazhou, mjini Guangzhou, China, nimekaa kwenye benchi nje ya kumbi za maonyesho nikila yai la kuchemsha, nikiwasubiri wanunuzi wangu kutoka Dar es Salaam waliokuwa ndani wakivutana na mtu wa kiwanda cha vigae. Ilikuja kwa ujumbe wa sauti kutoka Lubumbashi. Plamedi mwenyewe, ambaye sasa ni mama wa watoto, alisema polepole kwa Kiswahili cha kwao kwamba mama yake alisumbuliwa na figo, kwamba ameshazikwa, na kwamba hakutaka nisikie kwa watu wa pembeni. Niliusikiliza ujumbe ule, nikaurudia, nikafunga simu. Wanunuzi wakatoka, nami nikaendelea kuwafasiria bei za vigae mpaka jioni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayonirudisha Guangzhou kila msimu wa maonyesho, na mtu aliyelipiwa nauli na wengine hana ruhusa ya kuomboleza saa za kazi.

Jumamosi ya wiki ileile nilialikwa kwenye chakula cha jumuiya ya wafanyabiashara wetu, ukumbi wa juu wa mkahawa mmoja pale Xiaobei. Mishikaki ya kondoo ilipita, wali ukapita, kisha kijana mwenye kipaza sauti akamwita mbele Bwana Otieno, wakala wa mizigo kutoka Kisumu ambaye sasa ni mzee wa mvi tupu, akamkabidhi sahani ya kioo. Kijana alisema huyu ndiye aliyewafungulia watoto wetu milango ya shule. Watu wakasimama wakapiga makofi. Otieno aliipokea ile sahani kwa mikono miwili, kama wafanyavyo wenyeji, akainamisha kichwa. Nikamgeukia mama aliyekaa kando yangu, mwenye watoto wawili katika shule hiyohiyo, nikamuuliza kama aliwahi kumsikia Mama Plamedi. Akafikiri kidogo. Akaniuliza kama ni yule anayeuza mawigi karibu na daraja. Nikamwambia hapana, si yeye, na nikaacha kula. Tangu usiku ule nimekuwa nikiukumbuka ule mwaka, na ninaandika haya kwa sababu sioni mwingine atakayeandika.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, msichana wa Tanga niliyekuja kwa ufadhili na kudhani kwamba ufadhili ni sawa na kupendwa. Posho iliniishia mapema kila mwezi, kwa hiyo niliposikia kwamba shule moja ya binafsi ya msingi inatafuta mwalimu wa Kiingereza wa nusu siku, nilikwenda. Mwalimu Mkuu, Bibi Liang, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole sana, alinitazama, akanisikiliza nikijieleza kwa Kichina, akafurahi. Alisema anafungua Darasa la Kimataifa na mimi ndiye hasa aliyekuwa akimtafuta. Jina lile lilinipendeza. Nililisema mbele ya wenzangu bwenini kana kwamba nimepata kazi ubalozini.

Darasa la Kimataifa lilikuwa chumba cha juu kabisa, kando ya matangi ya maji, mahali palipokuwa stoo ya viti vibovu. Hukufika huko kwa lango kubwa. Uliingia kwa mlango wa jikoni nyuma ya shule, ukapita kwenye makreti ya kabichi na beseni za samaki, halafu ukapanda ngazi ya chuma iliyobandikwa nje ya ukuta. Mvua ikinyesha, na Guangzhou inajua kunyesha, watoto wadogo walipanda kwa mikono na miguu. Ndani ya jengo kulikuwa na mlango unaounganisha chumba chetu na korido ya wengine, lakini ulifungwa kwa kufuli, na nilipouliza ufunguo niliambiwa umepotea. Watoto wote wa chumba kile walikuwa Waafrika: wa Kikongo, wa Kitanzania, wa Kikenya, wa miaka sita na wa miaka kumi na mbili, wote mbele ya ubao mmoja. Baba na mama zao walinunua nguo Shahe na mikoba Shiling na kuzisafirisha nyumbani, na walilipa ada ileile waliyolipa wazazi wa watoto wa madarasa ya chini yetu. Kiangazi chumba kilikuwa tanuri. Niliwafundisha wamevua soksi, wameweka miguu sakafuni ili wapate ubaridi wa vigae.

Chakula cha mchana tulikula baada ya wengine kumaliza. Ukumbi wa chakula ulikuwa umeshafagiliwa, viti vimepandishwa juu ya meza, na sisi tulivishusha wenyewe. Wali ulikuwa umepoa na mchuzi umeganda mafuta juu. Mwalimu mmoja tu wa chini alikuja kukaa nasi, msichana wa umri wangu aliyeitwa Xiao Chen, wa darasa la tatu. Alitoka mkoa wa mbali, ndani ndani, na wenzake walimcheka lafudhi yake. Alileta pilipili ya kwao kwenye chupa ya jamu na kutugawia. Siku moja alinieleza, huku akikwangua chupa, kwamba wazazi wake walifanya kazi za ujenzi mjini humu miaka mingi, lakini mdogo wake hakuruhusiwa kusoma shule za hapa kwa kuwa hakuwa na kibali cha mji, akarudishwa kijijini kwa bibi. Alilisema jambo hilo kama mtu anayesema kesho mvua itanyesha. Nikamuuliza kama haoni uchungu. Akasema uchungu anao, ila hajui ampelekee nani.

Plamedi alikuwa mtoto wa miaka minane, mwembamba, mwenye masikio yaliyochomoza, na nywele ambazo mama yake alizisuka kila Jumapili mpaka ngozi ya paji ikavutika. Alifika Guangzhou akiwa bado anabebwa mgongoni. Kichina chake kilikuwa cha mtaani na cha televisheni, hakina doa, na mara nyingi alinisahihisha mimi, mwalimu wake, nilipokosea kupandisha au kushusha sauti ya neno. Chumba chetu kilikuwa juu ya darasa la tatu, na madirisha yakiwa wazi tuliwasikia wa chini wakisoma kwa pamoja, kwa ile sauti ya kuimbaimba. Plamedi alikuwa akifumba macho na kusoma nao. Hakuwa na kitabu. Alishika somo lote kwa masikio, siku nyingine kabla ya wale waliokuwa nacho mbele yao.

Sababu tuliyopewa ilikuwa lugha. Bibi Liang aliwaambia wazazi kwamba watoto watashuka chini wakishajua Kichina, na wazazi waliridhika, au waliamua kuonekana wameridhika. Kisha baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina akaletwa mvulana wa Kirusi, mtoto wa mwalimu wa dansi. Hakujua hata kuomba maji. Nilimwona kwa macho yangu akiingizwa kwa lango kubwa, ameshikwa mkono na Bibi Liang, akaenda kukalishwa darasa la tatu, dawati la mbele. Plamedi naye alimwona akipita langoni, tukiwa juu dirishani. Aliniuliza kama yule mvulana anajua Kichina. Nikasema hajui. Akaniuliza tena, kana kwamba labda sikumsikia vizuri. Nikasema hajui, Plamedi. Jioni akamwambia mama yake.

Mama Plamedi alikuja asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nikimjua kwa salamu tu: mwanamke mnene wa wastani, mjane, mwenye duka la mikoba Lubumbashi na shoga zake wa kupokea mizigo huko. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye basi la Shiling, nguo zake zikinuka ngozi mpya na gundi. Hakuwa mtu wa kelele. Watu wanaomkumbuka vibaya husema alikuwa mkali, lakini mimi nilikaa naye mwaka mzima na sikumsikia akipaza sauti. Aliniomba nimfasirie. Tukakaa ofisini kwa Bibi Liang, tukaletewa maji ya moto kwenye vikombe vya karatasi. Bibi Liang akaeleza habari ya lugha. Mama Plamedi akasema vema, mpeni mtihani. Bibi Liang akasema mtihani si utaratibu. Mama Plamedi akamuuliza yule Mrusi alifanya mtihani gani. Hapo Bibi Liang akanitazama mimi badala ya mama, akasema maneno mawili ambayo kila mgeni wa mji huu anayajua kabla hajajua kusema asante: mei banfa, hakuna namna. Akaongeza kwamba wazazi wa chini ndio wanaoiendesha shule, na wamesema.

Walisema nini, sikuambiwa. Nilikuja kusikia mwenyewe baada ya siku chache, nikiwa chumba cha walimu nikisubiri mashine ya kunakili ipoe. Mlango wa ofisi ulikuwa nusu wazi na Bibi Liang alikuwa akiongea na mzazi kwa simu. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole. Alikuwa akimtuliza. Alisema, "Usiwe na wasiwasi, dada. Wana ngazi yao, wana saa yao ya kula, mwanao hatagusana nao hata kidogo." Akacheka kidogo, kicheko cha adabu, akauliza habari za kikohozi cha mtoto. Nimesikia matusi mengi katika mji huu, ya dereva teksi, ya mwenye nyumba, ya wapita njia wanaoshika pua. Hakuna lililoniingia kama kile kicheko cha adabu. Nilikusanya karatasi zangu nikapanda ngazi ya nyuma, nikafundisha majina ya matunda.

Nilimwambia Mama Plamedi neno kwa neno. Nilidhani atalia. Aliuliza kama nimesikia sawasawa, kisha akaanza kuwaita watu. Nyumba yake ilikuwa chumba na sebule, ghorofa ya juu pale Xiaobei, na sebule yote ilijaa marobota ya mikoba hadi karibu na dari, hivi kwamba wageni walikaa juu ya marobota na miguu yao ikining'inia kama ya watoto. Tulikutana Jumapili mchana, wao wakitoka kanisani, mimi nikitoka kuswali na kulala kidogo. Alipika bukari, ambayo sisi tunaiita ugali, na sombe, yaani kisamvu, na makayabu, samaki wa chumvi aliyelowekwa tangu usiku. Tulinawa kwa zamu katika beseni moja. Wazazi waliongea wote kwa pamoja, Kiswahili cha Kongo juu ya Kiswahili cha Mombasa juu ya Kiswahili changu cha Tanga, na Kifaransa kikitumiwa pale mtu alipotaka kuonekana ana uhakika.

Mpango wake ulikuwa mdogo mno, na ndiyo maana uliwatisha. Hakutaka waandishi wa habari, hakutaka mabango. Alisema kuanzia Jumatatu watoto wasipite jikoni. Waende lango kubwa, wamevaa sare, wameoga, wapange mstari, wasalimie, waombe kuingia. Wakizuiwa wasimame hapo mpaka kengele, kisha warudi nyumbani. Kesho tena. Otieno, ambaye wakati huo alikuwa na mtoto mmoja katika chumba changu na ofisi ya mizigo Shahe, ndiye aliyepinga. Alikuwa mtu wa kusikilizwa kwa kuwa nusu ya watu mle ndani walisafirisha mizigo kupitia kwake. Alisema hii nchi si yetu, tumekuja kutafuta, na ukianza kusumbua watu, siku ya kuongeza viza utaulizwa maswali ambayo hukuyatarajia. Akasema watoto wanafundishwa, wana mwalimu, wana paa. Akanigeukia na kunitaja kama ushahidi. Mama Plamedi alimngoja amalize. Kisha akasema, "Papa Otieno, mi siombe bamupende mutoto wangu. Naomba bamufundishe tu."

Walikuja karibu wote Jumatatu ile, hata Otieno, ambaye alimshika mwanawe mkono na kusimama mwisho wa mstari karibu na kona, mahali ambapo mtu angeweza kusema alikuwa akipita. Mlinzi wa lango alichanganyikiwa. Alikuwa akiwajua wale watoto kwa majina, maana wengine aliwapa peremende kule nyuma. Watoto wakamsalimia kwa pamoja kwa Kichina, kama walivyofundishwa, naye akaitika kabla hajakumbuka kwamba hapaswi. Wazazi wa chini walishuka kwenye magari na pikipiki zao za umeme, wakawapitisha watoto wao katikati yetu haraka, wengine wakiwaziba macho. Mimi nilisimama nao. Bibi Liang alitoka, akaniambia kwa utulivu kwamba darasa langu liko juu. Nikamjibu kwamba darasa langu liko hapa. Ni jibu ambalo niliendelea kulilipia, lakini mpaka leo sijalijutia.

Tulikwenda hivyo majuma kadhaa. Mvua za mwezi wa tano zikaanza na watoto wakasimama na miavuli, maji yakipita juu ya viatu. Kila juma mstari ulipungua. Mama mmoja wa Goma aliambiwa na mwenye nyumba wake kwamba atafute pengine. Baba mmoja wa Arusha aliitwa kuonyesha pasipoti mara mbili kwa siku moja, na kesho yake akamrudisha mtoto jikoni, akanisalimia kwa kuinamisha macho. Chuoni kwangu, mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni alinikaribisha chai, akaniuliza habari za tasnifu yangu, kisha akasema mwanafunzi mzuri hujulikana kwa kukaa na vitabu. Xiao Chen hakuja tena kula nami. Alinikuta siku moja kituo cha basi, akanishika mkono kwa nguvu mbele za watu, na akapanda basi lake. Sikumlaumu, na wala simlaumu.

Mwishowe shule ilichoka, au iliona haya, au wazazi wa chini wenyewe walichoka kupita katikati ya watoto waliosema habari za asubuhi kwa adabu kuliko wa kwao. Bibi Liang akakubali mtihani. Ulifanyika chumba cha wageni kando ya lango, mbele ya kamati ya wazazi, akina mama watatu na baba mmoja aliyeangalia saa. Waliyemtaka ni Plamedi. Alivaa sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Walimpa kitabu cha darasa la tatu, wakamfungulia somo katikati. Alisoma ukurasa huo kwa sauti ya wazi, kisha akageuza na kusoma uliofuata, kisha, kwa vile hakuna aliyemwambia aache, akakifunga kitabu na kuendelea kwa kichwa. Mmoja wa akina mama alianza kupiga makofi, akajikuta peke yake, akashusha mikono. Mama Plamedi alikuwa amekaa nyuma, mkoba magotini. Hakuelewa hata neno moja la alichosoma mwanawe. Machozi yalimtoka bila sauti, na alijifuta kwa ncha ya kitenge kabla Plamedi hajageuka. Bibi Liang alisema mtoto ana sauti nzuri. Akasema watafikiria.

Walifikiria na Otieno. Sijui nani alimtafuta mwenzake. Ninachojua ni kwamba walikula chakula cha mchana pamoja, na kwamba aliporudi alikuwa na makubaliano mkononi, akayapitisha kwa wazazi wengine mmoja mmoja kabla ya kuja kwetu. Walikuja kwa Mama Plamedi Jumapili, wengi kuliko siku zote, hata wale walioacha lango zamani. Nilikuwepo. Otieno alizungumza vizuri, amevaa koti. Alisema muhula ujao chumba cha juu kitafungwa, watoto watashuka, kila mmoja darasa la umri wake, watapita lango kubwa, watakula saa ileile na wengine. Watu wakaguna kwa furaha. Kisha akasema kuna sharti moja tu. Shule inataka amani, na inaona kwamba mzazi mmoja ameleta fujo, kwa hiyo Plamedi hatapokewa. Alisema hilo akitazama marobota ya mikoba. Akaongeza kwamba yeye binafsi alijaribu, lakini hawa watu ukiwabana sana wataondoa yote.

Nilimtazama kila mzazi mle ndani. Nilingoja mmoja aseme basi hatutaki. Mimi nilisema. Nilisema ni aibu, kwamba huwezi kuingia mlango aliokufungulia mtu halafu ukamfungia nje, na mama wa Goma akaniambia, bila ubaya, kwamba mimi sina mtoto. Ilikuwa kweli. Plamedi alikuwa jikoni akiosha vikombe. Maji yalikuwa yakimwagika tu kwenye sinki, na nadhani alikuwa amesimama akisikiliza.

Mama Plamedi aliuliza, "Donc batoto bengine bote bataingia?"

Otieno akasema wataingia.

"Kweli?"

"Kweli, mama. Wamesema."

"Bon," akasema. "Basi baingie." Akainuka, akafunua sufuria. "Mukule. Bukari inapola."

Nao wakala. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe, zaidi ya makubaliano yenyewe. Walinawa katika lile beseni, wakamega, wakasifu sombe, mmoja akaomba pilipili. Walipoondoka walimshika mkono kila mmoja na kumwita mama yetu. Alipobaki na mimi alikaa juu ya robota, akavua viatu, akakanda miguu yake iliyovimba kwa kusimama langoni. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba hajui atamwambiaje mtoto. Nikamwambia mtoto amesikia.

Muhula mpya ulipoanza niliwashusha watoto mimi mwenyewe, kwa mlango wa ndani. Ufunguo uliopotea ulikuwa umepatikana. Niliwapeleka darasa kwa darasa, nikawaonyesha madawati yao. Xiao Chen aliwapokea wake kwa kuwashika mabega, macho yake mekundu. Kabla ya mwezi kwisha niliambiwa kwamba shule haihitaji tena mwalimu wa darasa ambalo halipo. Chuoni nilimaliza, lakini profesa aliyekuwa akinisukuma niendelee na shahada ya uzamivu aliacha kunisukuma, na nilipomuuliza alisema nafasi hazikutosha mwaka ule. Labda ni kweli hazikutosha. Nimejifunza kutouliza mara mbili.

Mama Plamedi alijaribu shule nyingine, na kila mahali walikuwa wameshasikia. Mwenye nyumba hakutaka kuendelea na mkataba. Viza yake ilipokwisha haikuongezwa, wala hakupewa sababu. Niliwasindikiza uwanja wa ndege peke yangu. Wale wengine walikuwa kazini, na ilikuwa siku ya shule. Plamedi alikuwa akiongea Kichina na kila mtu: mpimaji wa mizigo, mfagiaji, bibi mmoja aliyempa chungwa. Kule Lubumbashi hakujua Kifaransa, lugha ya shule. Wakamweka na watoto wa darasa la kwanza, yeye na miguu yake mirefu, katika viti vya wadogo, na wenzake wakampa jina la Mchina. Mama yake alinisimulia hayo kwa simu, mara moja tu, na hakuyarudia. Msichana aliyesoma kitabu kile kwa kichwa aliacha shule kabla hajamaliza sekondari. Anauza mikoba ya mama yake. Kichina, anasema, kilimtoka taratibu, mwisho yakabaki majina ya vyakula.

Baada ya ile karamu ya sahani ya kioo, Otieno alinifuata nje nilipokuwa nikingoja gari. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya msiba. Alisema ni habari mbaya, akauliza kama familia ina mahitaji. Nikasema sijui. Akasema watoto wangapi wamepita pale, madaktari, mainjinia, binti yake mwenyewe yuko benki. Kisha akaniuliza ningetaka yeye afanye nini siku ile. Nilikuwa na majibu niliyoyaandaa kwa miaka, na yote yalikuwa sahihi. Nilimwambia angeweza kutaja jina la Mama Plamedi pale mbele, leo, akiwa na kipaza sauti. Akasema watu hawakuja kusikia mambo hayo. Gari langu likafika, naye akanifungulia mlango kwa heshima.

Nilimpigia Plamedi siku iliyofuata, kumpa pole kwa sauti yangu. Tuliongea juu ya mazishi, nani alikuja, nani alipika. Alisema watu wa sokoni walifunga meza zao nusu siku. Sikumwambia habari ya karamu. Tulipokuwa tunaagana alisita, akasema kuna kitu amekuwa akitaka kuniuliza tangu utotoni, lakini aliona haya mbele ya mama yake.

"Ile classe ya chini," akasema. "Ya batoto bale. Mule ndani mulikuwa namna gani?"

Nikafikiri nimdanganye. Nikaona hastahili hilo pia. Nikamwambia lilikuwa darasa la kawaida. Madawati, ubao, madirisha upande mmoja, feni ya dari iliyokuwa ikipiga kelele.

"Njo vile tu?"

Nikamwambia ndiyo. Vile tu.